Virginia McKenna na Simba Wawili

Wahenga walisema macho hayana pazia. Msemo huu kwa kawaida hutumiwa kwa lawama, kwamba mtu hazuiliki kutazama hata pale asipoalikwa. Lakini mhakiki wa michezo ya kuigiza aweza kuutumia kwa faida nyingine. Sauti ya mwigizaji yaweza kufundishwa; mkono na mwendo vyaweza kufundishwa; hata machozi yaweza kuitwa yakaja. Jinsi mwigizaji amtazamavyo mwenzake ni jambo gumu zaidi kulidanganya, na kwa maoni yangu hapo ndipo penye kipimo cha kazi yake. Katika makala haya nataka kukitumia kipimo hicho kwa mwigizaji mmoja wa Kiingereza, Virginia McKenna, ambaye jina lake limefungamana na Afrika ya Mashariki tangu ujana wake hata uzee wake.

Kilichonisukuma kuandika ni swali la mwanafunzi. Jioni moja hapa Tosamaganga tuliionyesha darasani filamu ya mwaka 1966 iitwayo Born Free, yaani Mzaliwa Huru, ambamo McKenna anaigiza sehemu ya Joy Adamson, yule mama aliyemlea simba jike aitwaye Elsa katika nyika ya kaskazini ya Kenya. Filamu ilipokwisha nilitazamia kuulizwa habari za simba: walifugwaje, walifundishwaje, kwa nini hawakuwadhuru waigizaji. Msichana mmoja akanyosha mkono akauliza: "Mwalimu, yule mama aliyeuawa na simba mtoni pale mwanzo, jina lake nani?" Nilimjibu kwamba hatuambiwi. Akashukuru, akaketi. Mimi sikutulia, na tangu siku hiyo nimezirudia filamu za mwigizaji huyu mara kwa mara nikitafuta jibu lililo bora kuliko lile.

Yafaa kwanza nieleze kwa nini swali hilo liliulizwa hapa, wala si London. Katika nyanda hizi za juu za kusini simba si picha ya ukutani. Upande wa magharibi wa Iringa kuna hifadhi ya Ruaha, yenye simba wengi kupita hifadhi nyingi za Afrika, na wafugaji walio kandokando yake wanazijua hasara zake kwa kuhesabu ng'ombe. Upande wa kusini, katika nchi ya Wabena wilayani Njombe, wazee walisimulia habari za simba wala watu waliowatesa wananchi tangu miaka ya 1930 hadi mwaka 1947. Idadi ya waliouawa hukadiriwa kufikia watu 1,500. Bwana nyama George Rushby na askari wake waliwaua simba 15, ndipo watu wakapata kulala. Basi mtoto aliyezaliwa katika nchi hii, akionyeshwa mwanamke anayefua nguo mtoni na simba anayemnyemelea, hauoni mwanzo wa hadithi ya simba. Anauona msiba wa nyumba fulani, naye huuliza kama tuulizavyo penye msiba wowote: aliyefariki ni nani?

Nitarudi kwenye swali hilo baada ya kumtazama mwigizaji mwenyewe.

Virginia McKenna alizaliwa London tarehe 7 Juni 1931. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alipelekwa Afrika ya Kusini, akakaa huko miaka sita, kisha akarudi Uingereza akiwa na umri wa miaka 14. Alisomea uigizaji katika chuo cha Central School mjini London, akaanza kazi katika jumba la michezo la Dundee, Uskochi. Mwaka 1951, akiwa na umri wa miaka 20, alicheza sehemu ya Perdita katika mchezo wa Shakespeare uitwao The Winter's Tale, pamoja na John Gielgud. Katika msimu wa 1954 na 1955 alikuwa katika jumba la Old Vic, akacheza Rosalind katika As You Like It.

Sehemu hizo mbili zastahili kukumbukwa, kwa maana zinatuonyesha shule aliyopitia. Rosalind ni sehemu ya maneno. Anayeicheza hana budi kuwa na ulimi mwepesi, pumzi ndefu na akili inayotangulia sentensi. Perdita ni kinyume chake. Katika onyesho la mwisho la mchezo ule, binti huyu husimama mbele ya sanamu ya mama yake asiyepata kumwona, na sanamu hiyo ikageuka mama aliye hai. Maneno anayopewa kusema ni machache mno, na sehemu kubwa ya kazi yake ni kutazama. Mwigizaji asiyejua kutazama huonekana pale kama mti uliosahauliwa jukwaani. Kwa hiyo McKenna alikutana mapema sana na ile kazi ambayo baadaye ingempa sifa duniani, yaani kusimama mbele ya kiumbe asiyesema na kutufanya tuamini kwamba kuna mazungumzo.

Sifa yake katika filamu ilikuja mwaka 1956 kwa A Town Like Alice, habari za wanawake wa Kiingereza waliotembezwa na Wajapani katika nchi ya Malaya wakati wa vita. Kwa kazi hiyo alipewa tuzo ya chuo cha filamu cha Uingereza, akihesabiwa mwigizaji wa kike aliye bora wa Kiingereza kwa mwaka ule. Mwaka 1958 alicheza Carve Her Name with Pride, akawa Violette Szabo, mjane kijana aliyetumwa Ufaransa kufanya kazi ya siri dhidi ya Wajerumani, akakamatwa na kuuawa. Katika filamu zote mbili utaona tabia moja ya uigizaji wake: hapigi kelele. Jambo likizidi uzito, yeye huzidi kutulia. Waswahili wana methali isemayo kwamba simba mwenda kimya ndiye mla nyama, na kwa mwigizaji huyu methali hiyo yaweza kusemwa bila kejeli yoyote.

Kabla ya filamu hizo mbili, McKenna alikuwa amekwisha kuigiza habari ya Kenya, na hapo ndipo tunapomkuta simba wa kwanza. Filamu hiyo ilitolewa mwaka 1955 chini ya uongozi wa Brian Desmond Hurst, na jina lake ni Simba. Msomaji wa Kiswahili akilisikia jina hilo atafikiri ni habari ya mnyama. Sivyo. Simba katika filamu hiyo ni jina la siri la kiongozi wa Mau Mau. Neno letu limechukuliwa, likavikwa binadamu, ili mtazamaji wa Uingereza amwogope kama amwogopavyo mnyama wa mwitu. Ilikuwa ni miaka ya hali ya hatari, iliyotangazwa Oktoba 1952 na kuondolewa mwaka 1960. Katika vita ile raia wa kizungu waliouawa walikuwa 32. Waafrika waliouawa walihesabiwa kwa maelfu, na walionyongwa kwa hukumu za mahakama walizidi 1,000. Filamu ilipoanza kuonyeshwa London, vitanzi vilikuwa bado vinafanya kazi Nairobi.

Katika Simba McKenna ni Mary Crawford, binti wa walowezi. Kijana aitwaye Allan Howard, aliyechezwa na Dirk Bogarde, anakuja Kenya kumtembelea nduguye, akamkuta ameuawa. Mary anafanya kazi katika zahanati pamoja na daktari wa Kiafrika, Karanja. Allan anamshuku Karanja, Mary anamwamini. Mwishoni yafichuka kwamba mzee wa kijiji, baba yake Karanja, ndiye Simba mwenyewe, naye Karanja anauawa akijaribu kuwasihi watu waache kumwaga damu.

Ubaya wa filamu hii hauhitaji darubini. Mwafrika mwema ni yule aliyemwacha baba yake, na mwenye madai ya ardhi hana hoja ila panga. Ardhi yenyewe, iliyokuwa kiini cha ugomvi, ni kama haimo. Isitoshe, waigizaji wakuu hawakucheza sehemu zao Kenya. Walichezea katika studio za Pinewood, Uingereza, na picha za milima na mashamba zikaletwa kutoka Kenya na kuunganishwa na zile za studio. Karanja alichezwa na Earl Cameron, mzaliwa wa Bermuda. Mzee wa kijiji alichezwa na Orlando Martins, mzaliwa wa Lagos. Walikuwa waigizaji hodari wote wawili, na si kosa lao kwamba katika filamu ya Wakikuyu wakuu wa Kikuyu hawakuwamo.

Pamoja na hayo yote, hatuna budi kuitendea haki kazi ya mwigizaji. Maonyesho ya McKenna na Cameron ndiyo yaliyobaki hai katika filamu ile baada ya siasa yake kuchakaa. Mary anapozungumza na Karanja, hamtazami kama bibi amtazamavyo boi wa nyumbani, wala kama mfadhili amtazamavyo mfadhiliwa. Anamtazama kama mtu amtazamavyo mwenzake wa kazi ambaye jana walikubaliana jambo, na leo lazima walikamilishe. Cameron naye, kwa utulivu wake, anampa kitu cha kutazama. Kwa dakika chache filamu inasahau kuogopa. Mswada unamtaka Mary amtetee Karanja kwa maneno. Macho ya McKenna yamekwisha kumtetea kabla hajafungua kinywa.

Sasa tumtazame simba wa pili. Joy Adamson alikichapisha kitabu chake cha Elsa mwaka 1960, na filamu yake ikapigwa Kenya kati ya mwaka 1964 na 1965, sehemu kubwa karibu na Naro Moru, chini ya Mlima Kenya, mwongozaji akiwa James Hill. Tarehe zenyewe zastahili kuangaliwa. Kenya ilijitawala Desemba 1963. Filamu iitwayo Mzaliwa Huru ilianza kupigwa katika mwaka wa kwanza wa uhuru wa nchi ile, na mzaliwa huru wake ni simba jike.

Mara hii waigizaji hawakubaki studioni. McKenna na mumewe, Bill Travers, aliyecheza sehemu ya bwana nyama George Adamson, walihamia Kenya pamoja na watoto wao. Simba wa sarakasi walijaribiwa kwanza, wakaonekana hawafai. Badala yao wakatumiwa simba waliozoezwa kwa upole, huku George Adamson mwenyewe akiwa mshauri. Kila siku mke na mume walitembea nyikani na simba hao hata wakazoeana. Jambo hili liliibadili kabisa kazi ya kuigiza. Mwigizaji mwenzako akiwa binadamu, mwajua wote wawili kwamba mnacheza. Simba hajui. Ukimdanganya kwa sura ya upendo huku mwili wako umejaa hofu, ataifuata hofu. Kwa hiyo McKenna hakuweza kuigiza kwamba anamsikiliza simba. Ilimlazimu amsikilize kweli, na kamera ikaandika habari za usikivu huo.

Hapa ndipo penye ukuu wa kazi yake. Mtazame anavyochuchumaa ili macho yake yawe sawa na ya mnyama. Mtazame anavyongoja, kwa maana sehemu kubwa ya kazi yake katika filamu hii ni kungoja: simba aamke, simba ageuke, simba aamue. Mwigizaji wa tabia nyingine angaliijaza nafasi hiyo kwa tabasamu na vicheko. Yeye anaiacha wazi. Tena mtazame mwishoni, Elsa arudipo kutoka mwituni na watoto wake watatu. Joy na George wamekwisha kuazimia kutowashika watoto hao, wapate kukua wakiwa wanyama wa mwitu. Kwa hiyo kilele cha filamu ni mkono usionyoshwa. Ni vigumu kukumbuka onyesho jingine la filamu za miaka ile ambamo upendo unaonyeshwa kwa kujizuia namna hii. Filamu ilipata sifa nyingi; John Barry alipewa tuzo mbili za Oscar kwa ajili ya muziki wake, moja akishirikiana na Don Black kwa wimbo. Lakini nionavyo mimi, pasipo macho ya McKenna muziki ule ungekuwa sukari pasipo chai.

Nikisha kusema hayo, sina budi kulirudia swali la mwanafunzi wangu. Filamu inaanza na mwanamke wa Kiafrika mtoni. Kifo chake ndicho kinachomfanya bwana nyama kutoka na bunduki, na kutoka kwake ndiko kunakosababisha kuuawa kwa mama yake Elsa. Pasipo mwanamke yule hakuna yatima, na pasipo yatima hakuna hadithi. Hata hivyo hapewi jina. Hatuoni mumewe, hatuoni mtoto aliyengoja nguo zilizokuwa zikifuliwa, wala hakuna anayemlilia. Muda mfupi baadaye watoto watatu wa simba wanaletwa nyumbani, wananyweshwa maziwa, na machozi yote ya watazamaji yanahamia huko.

Na Waafrika walio hai katika filamu? Wapo wawili wanaokumbukwa: Nuru, aliyechezwa na Peter Lukoye, na Makkede, aliyechezwa na Omar Chambati. Ni jambo jema kwamba wamepata majina, na kwamba waliocheza sehemu hizo ni watu wa nchi hizi. Lakini kazi yao ni kubeba, kupika, kuwatunza watoto wa simba, na kushangaa. Hakuna onyesho moja ambalo Joy anaketi na Nuru, amwulize yeye anafikiri nini juu ya jambo hili la kumfuga simba katika nchi ambayo simba huua watu. Bila shaka Nuru alikuwa na la kusema. Mtu aliyelala jirani na simba tangu utoto hakosi fikira juu yake. Kamera haikumngoja. Yale macho ya McKenna, yaliyojifunza kungoja hata mnyama akaamua, hayakuelekezwa kwake.

Tukiziweka filamu mbili hizi pamoja, twaona jambo la ajabu. Filamu ya mwaka 1955 ilitengenezwa kwa hofu ya Mwafrika, na kwa sababu hiyo ililazimika kumpa nafasi: Karanja anasema, anabisha, anachagua, anakufa mbele ya macho yetu na kifo chake kinauma. Filamu ya mwaka 1966 haina hofu hiyo. Ni filamu ya upole, ya mapenzi, isiyomtukana mtu. Lakini ilipokwisha kumwogopa Mwafrika haikumwona tena. Nchi ikabaki na milima, na wanyama, na watu wawili wa Kiingereza. Wenyeji wakawa sehemu ya mandhari. Sisi tuliozoea kuhesabu maendeleo kwa kupungua kwa matusi tungefaa kulitafakari hili. Kutukanwa ni kubaya, na kutoonekana nako ni kubaya kwa namna yake. Tofauti ni kwamba anayetukanwa hujua la kujibu.

Najua pingamizi mbili zitakazotolewa. Ya kwanza ni kwamba hadithi hii ni ya simba, na mwandishi ana haki ya kuchagua hadithi yake. Ni kweli. Lakini filamu haikuanza na simba, ilianza na mwanamke. Mwandishi akikopa msiba wa mtu ili aanzishe hadithi yake, ana deni. Ya pili ni kwamba mwigizaji si mwandishi, hucheza alichopewa. Hilo nalo ni kweli, na ndiyo sababu sikumlaumu McKenna mahali popote katika makala haya. Ninachosema ni kwamba kipaji chake kilikuwa kikubwa kuliko miswada yake. Alipopewa Karanja wa kumtazama, alimtazama. Alipopewa Elsa, alimtazama hata tukamjua Elsa. Hakupewa Nuru, wala hakupewa yule mama.

Ushahidi kwamba kutazama kwake hakukuwa hila ya kazi tunaupata katika maisha yake ya baadaye. Filamu ilipokwisha, simba wengi waliotumiwa walipelekwa kwenye bustani za wanyama. Boy, Girl na Ugas peke yao ndio waliokabidhiwa kwa George Adamson awarudishe porini huko Meru, na mwaka 1967 Travers akatengeneza filamu ya habari zao. Kisha mke na mume walirudi Kenya kupiga filamu ya tembo mdogo wa Tsavo, iitwayo An Elephant Called Slowly. Hilo neno la mwisho ni tafsiri ya jina lake la Kiswahili, Pole Pole. Tembo huyo alikuwa amekwisha kuahidiwa kuwa zawadi kwa bustani ya wanyama ya London, akapelekwa. Mwaka 1982 walikwenda kumwona, wakamkuta katika hali ya huzuni. Mwaka 1983 akafa. Mwaka 1984 McKenna, mumewe na mwana wao Will wakaanzisha chama cha kuzichunguza bustani za wanyama, ambacho tangu mwaka 1991 kinaitwa Born Free Foundation. Methali yetu yasema mwenda pole hajikwai. Pole Pole alijikwaa kwa sababu mwendo wake haukuwa wake.

Hakuacha jukwaa kwa ajili ya hayo. Mwaka 1979 aliigiza na Yul Brynner katika The King and I, katika jumba la Palladium mjini London, akapata tuzo ya mwigizaji wa kike katika mchezo wa nyimbo. Mwaka 1984, huko Stratford, alikuwa Gertrude katika Hamlet. Travers alifariki mwaka 1994. Yeye aliendelea na kazi ya wanyama, na mwaka 2023 akapewa na serikali ya nchi yake cheo cha Dame kwa sababu ya kazi hiyo. Waigizaji wengi hutoka katika sehemu waliyoicheza kama mtu avuavyo koti. Huyu sehemu moja ilimbadili mwendo wa maisha. Alimtazama mwenzake, akakubali kudaiwa naye. Sijui sifa iliyo kubwa kuliko hiyo katika sanaa ya kuigiza, na ndiyo maana twasikitika zaidi tukifikiri wale ambao hakuwahi kuwekwa mbele yao.

Sisi wa Uhehe tuna sababu ya peke yetu ya kuyajali mambo haya. Mwendo mfupi kutoka Tosamaganga ipo Kalenga, na Kalenga limehifadhiwa fuvu la Mtwa Mkwawa. Baada ya kifo chake mwaka 1898 kichwa chake kilichukuliwa Ujerumani, kikakaa huko zaidi ya nusu karne, hata kilipotafutwa miongoni mwa mafuvu ya jumba la makumbusho la Bremen na kurudishwa mwezi wa Juni 1954. Hapa tunajua, basi, kwamba kuna kutazama kunakomfanya mtu kuwa kitu, na kuna kutazama kunakomrudishia mtu utu wake. Mwaka 1954 fuvu lilirudi Kalenga. Mwaka uliofuata, London ikaonyeshwa filamu iliyompa binadamu jina la mnyama.

Je, inawezekana kamera kumtazama mwanamke wa kwetu kwa subira ile McKenna aliyompa simba? Inawezekana, na imekwisha kufanyika. Katika Maangamizi, filamu ya mwaka 2001 iliyoongozwa na Martin Mhando na Ron Mulvihill, Amandina Lihamba anacheza Samehe, mwanamke wa Kitanzania aliyenyamaza miaka mingi katika hospitali ya wagonjwa wa akili. Kama Elsa, Samehe hasemi. Kama Joy, daktari aliyetoka Marekani hana budi kuketi na kungoja. Lakini safari hii anayengojwa ni mtu, ana jina, na ukimya wake una historia ambayo filamu inajitaabisha kuitafuta. Lihamba, ambaye pia ni mwandishi wa michezo na aliyepata kuwa mwalimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, anaucheza ukimya ule kwa uzito uleule tuliousifu kwa McKenna. Tofauti yao haiko katika kipaji. Iko katika nani aliyeuandika mswada na nani aliyeona inafaa kumwelekezea kamera nani.

Wiki iliyofuata nilimwita yule mwanafunzi nikamwambia kwamba jibu langu la kwanza halikutosha. Mama yule hana jina kwa sababu waliotengeneza filamu hawakumhitaji baada ya kufa. Nikamwomba yeye na wenzake waandike onyesho moja fupi: asubuhi, ukingo wa Ruaha Mdogo, mwanamke anaondoka nyumbani na nguo za kufua. Masharti yalikuwa mawili tu. Simba asionekane hata mwisho wa onyesho, na mwanamke awe amekwisha kuitwa kwa jina lake na watu wasiopungua watatu. Maonyesho 27 yameletwa. Mengine ni dhaifu, mengine yana makosa ya lugha, na matatu au manne ni mazuri kweli. Katika lililo bora, mwanamke anaitwa mara ya tatu na mtoto wake, amekwisha kufika mbali njiani. Anageuka, anamtazama, anangoja mtoto aseme anachotaka.